Jumamosi ya pili ya mwezi tunafunga mzani tunaenda kwa wazee

Mimi ni karani wa mzani. Chama chetu cha msingi cha ushirika wa kahawa kipo upande wa Kibosho, Kilimanjaro, huku juu migombani, na huu ni msimu wangu wa saba nasimama pale dirishani napokea kahawa, napima, naandika kwenye kitabu cha mwanachama alafu naandika tena kwenye daftari la chama. Ukikaa pale muda mrefu unaanza kuwajua watu kwa kilo zao kabla hujawajua kwa sura. Huyu analeta gunia, yule analeta kwenye kiroba cha sembe, huyu kahawa yake imekauka vizuri ukiimimina inalia, yule kila mwaka lazima umwambie mama hii rudisha kwenye kichanja siku mbili tatu, bado ina maji.

Sasa kuna bibi mmoja, mjane, anakaa karibu na mfongo mkubwa, ule mfereji wa asili wa maji. Msimu wangu wa kwanza alileta kilo 64 za kahawa ya maganda. Mwaka uliofuata 41. Ukafuata 27. Alafu siku moja mwezi wa kumi akaja na kilo 11 kwenye ndoo ya rangi, akaniambia mwanangu andika tu, ndo zimeisha. Nikaandika. Ila ile namba ilinikaa kichwani, nimefika nyumbani nakoroga uji wa mtoto bado naiwaza, maana bei mwaka ule ilikua nzuri na wenzie walikua wanaongeza kuleta, yeye anapungua.

Jumapili baada ya misa nikapita kwake. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu karibu, tukakaa kidogo, akanipa ndizi za kuchoma, alafu nikamwomba anioneshe shamba. Nikaona mwenyewe. Mibuni ya zamani imekimbilia juu mpaka inashindana na majani ya migomba, mashina yameota ukoga, matawi ya chini yamekufa yote, kahawa iko juu kule kileleni na yeye mgongo haumruhusu tena hata kunyoosha mikono. Anachuma zile anazoweza kuvuta kwa fimbo yenye ndoana. Zingine zinakaukia hukohuko juu zinadondoka. Ana watoto wanne, wawili wapo Dar, mmoja Arusha, mmoja ametangulia mbele za haki. Wale watatu wanamtumia hela ya dawa na ya sukari kila mwezi, siwasemi vibaya hata kidogo, wanamtunza mama yao, lakini hela ya M-Pesa haiwezi kushika msumeno ikakata mti.

Nataka nilieleze hili taratibu maana ndo limebadilisha kila kitu pale ofisini kwetu.

Kabla ya hapo sisi wafanyakazi tulikua tunajitolea kwa kutoa vitu. Ikifika Siku ya Ushirika Duniani, ile Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, tunachangishana, tunanunua mchele, sabuni, mafuta ya kula, tunaenda kwa wazee wa kijiji, tunapiga picha na bango, tunarudi. Na bango nimelishika mimi mwenyewe. Siidharau sabuni, mtu aliyekosa sabuni anajua thamani yake. Lakini yule bibi alipokea mchele wetu mara mbili, na miaka hiyohiyo mimi nilikua naandika kilo zake zinashuka na sikuwahi kumuuliza bibi kulikoni. Hilo linaniuma mpaka leo na sitaki kulificha.

Basi nikalipeleka kwenye kikao cha wafanyakazi. Tuko sita tu, katibu meneja, mhasibu, mimi, mtunza ghala, fundi wa mashine ya kumenya, na mlinzi. Nikafungua daftari nikaanza kuwasomea majina ya watu ambao kilo zao zimeshuka misimu mitatu mfululizo. Yalifika 23. Tukayapitia moja moja na hapo ndo nikaona faida ya kuwa na mlinzi mzaliwa wa hapahapa, maana kila jina analijua. Huyu kaugua kiharusi. Huyu kang'oa kahawa kapanda parachichi, huyo muacheni yuko salama. Huyu alishafariki, anayeleta kahawa ni mkewe. Huyu ni mzee wa peke yake, kijana wake hajarudi tangu mwaka juzi. Tukabaki na majina 14.

Chuoni Moshi, kile chuo kilichoanza 1963 kama Chuo cha Ushirika na 2014 kikawa chuo kikuu kamili, tulikaririshwa misingi saba ya ushirika na wa saba ni kuijali jamii. Mwalimu alitufundisha kwamba asili ya misingi hii ni wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844, ila huo wa saba uliongezwa baadae sana, mwaka 1995, walipokutana Manchester kuiandika misingi upya. Kwenye mtihani niliueleza vizuri tu nikapata maksi zangu. Lakini mpaka siku ile na lile daftari mkononi nilikua sijawahi kujiuliza jamii yenyewe ni nani. Nilikua nadhani jamii ni watu wengine huko, wasio wanachama, wa kupelekewa zawadi. Kumbe wengine nawapimia kahawa kila wiki.

Katibu meneja aliuliza swali la maana sana. Hela ya chama siyo yetu, ni ya wanachama, na matumizi yake yanaamuliwa na mkutano mkuu. Hata vile vyama vinavyouza kwenye soko la Fairtrade, yani la biashara ya haki, vinavyopata ile nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa, wanaoamua ijenge darasa au inunue miche ni wanachama siyo stafu. Sasa sisi tunatoa nini? Mtunza ghala akajibu, tunatoa Jumamosi. Ikawa hivyo. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, msimu wa kuchuma ukiisha, tunafunga mzani saa tatu, tunavaa gambuti tunaingia shambani kwa mtu mmoja kati ya wale 14.

Kwa ambao hamjawahi kulima kahawa ngoja nieleze kidogo hii kazi yenyewe. Mbuni ukizeeka bila kupogolewa unapeleka nguvu yote juu, unazaa kidogo na kwa shida. Dawa yake ni kuukata. Unaukata kabisa, sentimita kama 30 kutoka ardhini, na unakata mshazari ili maji ya mvua yateremke yasikae juu ya kisiki kikaoza. Unatumia msumeno, panga linachana gome. Unaukata mwezi wa kwanza au wa pili kahawa ikishaisha, ili masika ikifika kisiki kiwe tayari kutoa maotea. Yanatoka mengi, wewe unachagua mawili au matatu yenye afya, yaliyokaa mbalimbali, mengine unang'oa. Alafu unasubiri. Ni kama miaka miwili hivi kabla hujachuma kitu cha maana kwenye mti ule. Ndo maana hukati shamba zima kwa mpigo, unakata theluthi mwaka huu, theluthi mwaka kesho, theluthi ya mwisho mwaka unaofuata, mtu asikae bila hela kabisa.

Kama mibuni yenyewe ni ile ya zamani inayoshikwa na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, kila mwaka, hapo tunamshauri mtu apande miche chotara iliyotokana na utafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, ile inavumilia chulebuni na kutu ya majani, mtu anapunguza gharama ya dawa. Ila mzee wa miaka 80 kumwambia ang'oe aanze upya ni mazungumzo marefu. Kisiki anakielewa haraka zaidi.

Kwa bibi tulianza vizuri. Tulikata miti 40 siku moja, fundi wa mashine ndo alikua mkali wa msumeno kuliko sote. Matawi tukayakata vipande tukampangia kuni nyuma ya jiko, majani ya migomba tukatandaza chini ya mibuni iliyobaki. Bibi alipika mtori, tulikula tumekaa kwenye magogo, akatuombea kwa muda mrefu sana huku chakula kinapoa na hakuna aliyekua na haraka.

Mwezi uliofuata tukakosea. Naandika hapa kwasababu naona watu wengi wanaoanza kazi za kujitolea wanaweza kukosea hivihivi.

Kulikua na mzee mmoja, shamba lake limezeeka vilevile. Tulimpigia mwanae aliyeko mjini, tukamweleza, akafurahi sana akasema karibuni hata kesho, na mke wa mwanae mwingine anayekaa pale alikua na taarifa. Tumefika Jumamosi mzee hayupo, kapelekwa kliniki ya presha. Tukasema si ruhusa tunayo, tukaanza. Tulikata mstari mzima wa karibu na nyumba, na mwisho wa ule mstari kulikua na mbuni mmoja mnene kuliko yote, umeinama, karibu na makaburi. Ulikua haujazaa miaka. Tukaukata na wenyewe.

Mzee amerudi saa nane. Alishuka kwenye bodaboda, akasimama, akaangalia ule mstari kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekua nafuu. Alienda mpaka kwenye kile kisiki cha mwisho akakaa chini karibu yake, akaweka kiganja juu ya ile sehemu tuliyokata, bado ilikua mbichi. Yule mama wa nyumbani ndo akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ule mti ulipandwa na baba yake mzee, na baba yake ndo kazikwa pale.

Katibu meneja akamsogelea akaanza kumweleza kwamba tulipata ruhusa kwa kijana wake. Mzee akasema maneno ambayo sitayasahau, "Mmeomba ruhusa kwa mtu ambaye hajawahi kuchuma hata kopo moja hapa."

Tulirudi ofisini kimya kabisa. Mi nilitaka turudi kesho yake na kitu chochote, sukari, blanketi, nilikua nawaza kwa akili ileile ya zamani ya kupeleka vitu. Mimi ni Mpare wa Usangi, huku ni kwa wakwe, kuna mambo bado najifunza. Mlinzi akasema hapana, hapa inaenda isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yani mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee, na Mchaga akikukosea akaja na jani la isale mkononi anakuomba msamaha, ni jambo zito kulikataa. Mlinzi alilichuma mwenyewe jioni ile, akalifunga fundo, tukanunua mbege, pombe ya ndizi, tukatafuta mzee mmoja wa ukoo ule atutangulie. Tukaenda Jumapili wote sita. Hakuna aliyebeba sukari.

Nilichokiona siku ile nitawasimulia wanangu. Yule mzee alilipokea lile jani, akakaa nalo mkononi muda, alafu akaagiza mbege imiminwe kwenye kata, akanywa yeye kwanza, akatupitishia. Akasema kisiki kitachipua, baba yangu alipanda ili watu wachume, hakupanda ili uwe mnara. Alafu akatukanya vikali kama watoto wake, kwamba kwenye kihamba unamuuliza mwenye kihamba, unaulizia na walio chini ya ardhi. Tukasema ndio baba.

Tangu siku ile hatukati mti bila mwenye shamba kusimama pale na kuugusa kwa mkono wake akasema huu. Inachelewesha kazi sana. Kuna Jumamosi tumekata miti tisa tu kwasababu kila mti una hadithi yake na mzee lazima aimalize. Na mi naona ni sawa, yani kama unaona hadithi zinakupotezea muda basi ujue umekuja kwa ajili ya idadi ya miti.

Na yule mzee sasa hivi yuko na sisi. Hawezi kushika msumeno lakini anakuja na mkongojo wake, anakaa kwenye kigoda anatuelekeza kata pale, acha lile, na wazee wenzie wanatukubali haraka wakimuona yeye. Yeye ndo ametusimulia mambo ambayo chuoni tuliyapitia juujuu. Baba yake alikua mwanachama tangu enzi za ile KNPA ya 1925, chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kabla haijazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha huku, mwaka 1933, na alikua anabeba kahawa kichwani kupeleka ghala. Na akatusimulia 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na mazao yakawa chini ya mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982. Nikamuuliza sasa baba, miaka ile mlikaaje bila ushirika? Akanishangaa. Akasema chama kilivunjwa, mfongo nani aliuvunja? Watu waliendelea kuzibua mfongo pamoja, kuezekeana nyumba, kuzikana, kama kawaida.

Hapo nimefika kwenye kitu kingine tunachofanya. Mfongo kwa msiojua ni mfereji wa asili wa kuleta maji kutoka mtoni huko juu kuja kwenye vihamba, mingine ni ya tangu enzi za mababu wa mababu. Mvua kubwa zikija unaziba kwa udongo na magogo, kwahiyo unatakiwa kuzibuliwa, na kazi hiyo inaitwa msaragambo. Kwetu Upareni tunaiita hivyohivyo, nilivyosikia mara ya kwanza huku nilifurahi kama nimekutana na ndugu. Kila nyumba inatoa mtu. Sasa nyumba ya bibi wa peke yake inatoa nani? Zamani ilikua anatoa faini au anatoa mbege, na aibu ndani yake. Tumeongea na wazee wa mfongo, tukakubaliana sisi wafanyakazi tunaenda kwenye msaragambo kwa niaba ya zile nyumba zisizo na mtu wa kufanya kazi. Ukiitwa jina la bibi fulani, mmoja wetu anajibu yupo. Sijui niseme nini kuhusu hilo, ile kuitikia tu "yupo" kwa jina la mtu mwingine huku umesimama kwenye matope mpaka magotini, mwili unasisimka.

Lakini kazi kubwa kuliko zote, na haipigiki picha, ni makaratasi ya wajane. Kati ya yale majina 14, manne yalikua ya marehemu. Mume kafariki, mke anaendelea kulima na kuleta kahawa kwa namba ya mume, mi napima naandika jina la marehemu, na siku hizi malipo yanapita benki. Kwahiyo hela inaingia kwenye akaunti ya mtu ambaye yuko kaburini. Mama wa watu amechuma, ameosha, amekausha, hela ipo na haigusi. Mmoja alikua hajapata malipo ya misimu miwili na kila akija dirishani tunamwambia mama hadi ufuatilie mirathi, kana kwamba kufuatilia mirathi ni kwenda dukani kununua chumvi.

Mhasibu wetu ndo kalichukua hili. Anaenda nae mguu kwa mguu. Kwanza cheti cha kifo kama hakipo. Alafu kikao cha ukoo kinakaa kinapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa na wote wanasaini, na hapa ndo pagumu kwasababu kuna shemeji hataki kusaini mpaka aongelewe na padri. Alafu mahakama ya mwanzo, shauri linafunguliwa, tangazo linabandikwa, muda unapita kama kuna mwenye pingamizi aseme, ndo mahakama inamteua msimamizi. Barua ile ikitoka tunaipeleka benki na chama kinabadilisha kwenye rejista. Pale tunapokwama tunamtafuta msaidizi wa kisheria, hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni ya bure, sisi siyo wanasheria na hatujifanyi. Wajane watatu wameshamaliza. Wa nne bado shemeji.

Yule wa misimu miwili alivyolipwa alikuja ofisini na kitabu kipya chenye jina lake. Alikishika kwa mikono yote miwili. Akaniambia nisomee, nikamsomea jina lake, akasema tena, nikamsomea tena.

Kama unasoma hapa na wewe au wazazi wako ni wanachama wa AMCOS, yani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, yoyote ile, ya kahawa, korosho, pamba, tumbaku, naomba ufanye kitu kimoja wiki hii. Nenda ofisini waombe fomu yako ya uanachama uangalie sehemu ya mteule, yule uliyemtaja apokee haki zako chamani ukifa, imejazwa nani. Watu wengi hawajajaza kabisa au wamemjaza mtu aliyekufa zamani. Ukijaza jina la mtu aliye hai, na yeye akajua, na familia ikajua, umewapunguzia wenzio mahangaiko mengi sana. Sisi sasa hivi mwanachama akija na mzigo wa kwanza wa msimu, kabla sijapima namuuliza mteule wako nani. Wengine wanachukia, wanasema karani unaniombea kifo. Nawajibu hapana baba, nataka mama akilia alie msiba peke yake, asilie na benki.

Siyo kila mtu amefurahi na hizi Jumamosi. Kuna mjumbe wa bodi aliuliza kwenye kikao kama tunalipwa ovataimu, alipojibiwa hapana akauliza tena sasa mnataka nini, mnagombea udiwani? Namuelewa kabisa, watu wameshadanganywa sana na kila anayekuja na wema ana lake. Dawa yake imekua ni kuendelea tu kwenda. Na kuna mwenzetu mmoja kati ya sita ambaye haji shambani, ana sababu zake za nyumbani, tulikubaliana mapema kwamba hakuna kuandikana mahudhurio, ukianza kuandika mahudhurio kujitolea kumeisha imekua kazi. Yeye anabaki anafungua ofisi wakati sisi tuko huko, mwanachama aliyetoka mbali asikute mlango umefungwa. Na wameongezeka vijana watano wa kijijini, siyo wafanyakazi, walianza kwa kuja kuangalia. Mmoja alikua anasema kahawa ni ya wazee, sasa hivi ameomba wazazi wake wamkatie visiki 30 aanze navyo.

Picha tumeacha. Hatukuweka sheria, ila siku ya isale hakuna aliyetoa simu na baada ya hapo ikaonekana vibaya kuitoa. Mwaka 2025 ulivyotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, mara ya pili baada ya 2012, tuliambiwa kila chama kipeleke taarifa ya shughuli za kijamii. Katibu meneja akawa hana picha hata moja. Akapeleka nakala ya daftari, kurasa tatu, majina ameyafunika kwa karatasi, kilo zinaonekana.

Bibi wa kilo 11 msimu uliopita alileta kilo 19. Hizo ni za miti ambayo hatujaikata, kwasababu tu ilipata mwanga na matandazo, na vijana wakamchumia za juu. Vile visiki 40 vya mwanzo vina maotea yamefika kiunoni kwake, amenionesha, anayapima kwa kusimama nayo bega kwa bega kama mtu anayepima mjukuu. Mwaka huu vinatoa maua ya kwanza Mungu akijalia mvua.

Jumamosi ijayo ni zamu ya mzee mmoja juu kule karibu na msitu, miti kama 60, na mwenye shamba amesema yupo nyumbani siku nzima anatusubiri. Tutakua watu 11 na misumeno ya kupogolea tunayo miwili. Kama uko Moshi mjini au Kibosho na una msumeno umekaa tu stoo, tafadhali upitishe ofisini kwetu kabla ya Ijumaa jioni, mlinzi yupo muda wote, tutautumia na tutaurudisha umenolewa.